Tajiri wa Lamu na Watu Wasiomo Katika Shajara

Wazee wangu, mama zangu, vijana, assalamu alaykum.

Mmenitaka nizungumze juu ya tajiri wa Lamu wa karne ya 19, yule babu ambaye kila ukoo humtanguliza. Nitamzungumza, ila pamoja na watu ambao shajara zetu, yaani orodha za nasaba, zimewaacha nje.

Biashara yake ilipata nguvu baada ya vita vya Shela, Lamu ilipowashinda watu wa kisiwa cha Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kisha ikataka himaya ya Seyyid Said, mtawala wa Omani. Ngome ya hapo Mkunguni ilikamilika 1821. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni na tende zao. Kusi ikiingia, yakarudi na boriti, mtama, ufuta, ngozi na pembe zilizopimwa kwa frasila. Tusidhani mtaji wote ulikuwa wake. Mara nyingi alikopa bidhaa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akalipa baada ya mavuno, na mvua ikikosekana deni lilimkaba.

Basi mtama na ufuta huo ulilimwa na nani? Na watumwa, ng'ambo ya bara, Mkunumbi, Hindi, Mpeketoni. Hapa ndipo masimulizi ya nyumbani hunyamaza, na mimi ukimya huo unaniuma. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na 1907 utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani yetu. Mashamba mengi yakarudi kuwa vichaka. Tunasema mali ya babu iliingia nuksi. Hapana, jamani: walioizalisha waliondoka.

Kuna na wanawake. Shajara hutaja fulani bin fulani hadi juu kabisa, lakini ingieni mtaa wa Mkomani mtazame nyumba za mawe. Kwa desturi ya mji huu, baba mwenye uwezo alimpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Pengine ghorofa iliongezwa juu kwa ajili ya binti mwingine, au wikio, yaani daraja la kuunganisha nyumba mbili, likapitishwa juu ya njia, ndugu wa kike watembeleane bila kushuka barabarani. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini watu wa ukoo fulani wanakaa nyumba fulani, majina ya wanaume hayatakusaidia sana. Uliza nyumba ilikuwa ya bibi gani, naye aliipata kwa nani.

Vijana, anzeni na masanduku. Mna hati za hiba, za wakfu, za rehani, kwa herufi za Kiarabu, na unyevu wa bahari na mchwa haviwangojei. Zipigeni picha, mketi na anayezisoma. Na mkikuta hati ya kumwacha mtumwa huru, msiifiche kwa kuona haya. Aliyeandikwa mle ana wajukuu, mjini hapa na vijiji vya bara, nao pia wanamtafuta babu yao.