Entebbe na Watoto Wadogo: Fika Mapema, Ondoka Kabla Hawajachoka

DADA: Hamjambo wasikilizaji. Leo ni zamu ya wenye watoto wa miaka miwili hadi sita, mlioko Kampala, Mukono, Wakiso na jirani. Tunakwenda Entebbe na kurudi siku hiyo hiyo. Kaka, wengi hukosea wapi?

KAKA: Kwenye ratiba, dada. Mtu anapanga bustani ya wanyama, bustani ya mimea, ufukwe, halafu samaki wa kukaanga jioni. Kwa mtoto wa miaka mitatu hizo ni siku nne tofauti. Chagueni sehemu moja kubwa, na nyingine ndogo ya kupumzikia. Basi.

DADA: Na saa?

KAKA: Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Ondokeni saa moja asubuhi, muwe getini mapema. Jua la hapa karibu na ikweta ni kali kuanzia saa tano hadi saa tisa, na wanyama nao hujificha kivulini. Simba hulala sehemu kubwa ya mchana. Mtoto aliyeahidiwa simba akaonyeshwa mgongo nyuma ya kichaka, atalia, na ana haki.

DADA: Siku za shule pia kuna mabasi ya wanafunzi. Yakishafika, mtoto mfupi haoni chochote ila migongo ya wenzake. Sikukuu ndiyo usiseme, Idi na Krismasi watu hufurika.

KAKA: Wenye gari, barabara ya mwendokasi inatozwa ada tangu Januari 2022, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Inakuepusha na foleni ya Kajjansi. Wanaopanda taksi, ile ya abiria 14, mlipieni mtoto kiti chake. Akipakatwa mwendo wote, yeye atatoka jasho na wewe utafika umekufa ganzi miguu.

DADA: Mpeni kitu kikavu kabla ya safari, mkate au biskuti. Chai ya maziwa iliyojaa tumboni hurudi njiani. Kaa naye mbele mbele, aone barabara. Na kavera moja, yaani mfuko wa plastiki, iwe mfukoni, si kwenye begi lililo chini ya kiti.

KAKA: Begi lenyewe?

DADA: La mgongoni, mikono ibaki huru. Maji nusu lita kwa kila mtoto kwa nusu siku, pamoja na ya kwako. Nepi moja kwa kila saa tatu, na mbili za akiba. Nguo kamili ya kubadilisha, mpaka soksi. Kofia yenye ukingo, sabuni kipande, pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, na leso. Leso ni mkeka, ni kivuli, ni mbeleko akisinzia. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani kama magurudumu yake ni madogo, kwenye nyasi na changarawe mtakibeba nyinyi.

KAKA: Na namba ya simu. Iandike kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa mkono wa mtoto, kabla hamjatoka nyumbani. Mtoto aliyepotea akiwa na hofu husahau hata jina la mama yake.

DADA: Haya, tuingie. Bustani ya wanyama.

KAKA: Ilianza mwaka 1952, na wanyama wengi pale ni wale waliookolewa, walioumizwa au walionyang'anywa wawindaji na walanguzi. Mwambie mtoto hivyo, kwa sababu atauliza kwa nini wamefungiwa. Msianze na mnyama mkubwa. Anzeni na korongo taji. Chukueni picha ya bendera ya Uganda, mpe mtoto aishike, kisha mwambie amtafute ndege huyo. Atakuta taji lile lile la manyoya ya dhahabu na shavu jeupe. Mwulize kwa nini yule wa bendera ameinua mguu mmoja. Amechorwa hivyo kuonyesha nchi inasonga mbele.

DADA: Hapo mtoto anasimama dakika kumi bila kusukumwa.

KAKA: Kisha korongo-nyangumi, yule Waganda wanamwita bulwe. Huyu husimama kama gogo. Mtoto ataona hafanyi kitu na atataka kuondoka. Mwambie ahesabu polepole hadi thelathini akimtazama jicho. Mara kope inapepesa, mara ule mdomo mpana unagonga-gonga kama mbao mbili. Ukimkimbiza mtoto, hakioni kitu hicho.

DADA: Saa mbili zinatosha. Akianza kujilaza chini, kusugua macho, kukataa maji, muda umekwisha. Msimbembeleze aone "kimoja tu".

KAKA: Ndipo mnahamia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898. Miti mikubwa, nyasi, ziwa mbele. Ni mahali pa kula na kulala usingizi wa mchana. Lakini chakula ndicho kinachowaita tumbili.

DADA: Hapa tukae kidogo, maana ndipo watoto wanapoumia. Tumbili wameshajifunza mlio wa kavera. Ukichakacha tu, wanashuka. Kwa hiyo chapati, mayai ya kuchemsha na matunda viwe kwenye kopo lenye kifuniko, ndani ya begi lililofungwa zipu. Ndizi msimpe mtoto mkononi akitembea. Kuleni mmeketi, mtu mzima mmoja akiwa amesimama.

KAKA: Akinyang'anya, je?

DADA: Achia. Mtoto anaumwa pale anaposhindana. Wala msimchekee tumbili kwa karibu, kwake meno yaliyoachwa wazi ni vitisho. Akiuma au akikwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama litavimba.

KAKA: Na ziwa lenyewe. Watoto wakiona mchanga wanavua viatu.

DADA: Jibu ni hapana, hata kuchovya miguu. Kichocho kipo Ziwa Victoria. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale mtoto anapopapenda. Minyoo hutoka kwa konokono mchana, hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, wala hakuna kidonda kinachohitajika. Kumkausha kwa taulo si kinga ya uhakika. Akiwa ameshaingia, wiki sita hadi nane baadaye mpelekeni akapimwe, hata kama hana dalili. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini daktari lazima aambiwe kuhusu ziwa.

KAKA: Mchanga mkavu basi, vikombe viwili na maji ya bomba. Anajenga vile vile.

DADA: Na mvua? Machi hadi Mei, Septemba hadi Novemba, asubuhi inaweza kuharibika.

KAKA: Basi msiende Entebbe. Nendeni Jumba la Makumbusho, Kira Road, Kampala. Lilianza mwaka 1908, na jengo la sasa ni la 1954. Pitieni ala za muziki kwanza, mengine mtoto atayapita tu. Mwonyesheni amadinda, mbao 12 juu ya migomba. Wawili huketi wakitazamana, kila mmoja anapiga zake katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu anashika mbao mbili za mwisho. Nyumbani mnaweza kulijaribu kwa miiko juu ya meza, mmoja "ta", mwingine "ti", bila kugongana. Ala za pale mwulizeni mhudumu kabla ya kugusa.

DADA: Mvua ikikatika?

KAKA: Nyuma ya jengo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa mtu aingie. Vaeni viatu vya kufunga, nyasi zitakuwa na maji, na wakati huo siafu hutoka. Tazameni chini kabla ya kumketisha mtoto.