Kitabu Kilicho Mkononi: Peponi na Kuli

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo hatutazungumzia vitabu tulivyokwisha kuvimaliza, bali vile ambavyo bado tunavisoma, kwa sababu naamini kwamba msomaji aliye katikati ya kitabu bado ana maswali, na maswali hayo ndiyo yanayofaa kusikiwa na wapenzi wenzake wa vitabu. Kaka Salim, tuanze nawe. Unasoma nini?

SALIM: Ahsante, dada Rehema. Nasoma Kuli ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1979. Nakala yangu niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, na bila shaka aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa mwanafunzi, maana pembeni mwa kurasa ameandika kwa kalamu ya bluu: dhamira, migogoro, tamathali za semi. Lakini ipo aya moja inayohusu kazi ya kubeba shehena ambayo hakuiandikia neno lolote la mtihani. Ameipigia mstari tu, tangu mwanzo hadi mwisho, na mstari wenyewe ameukoleza.

REHEMA: Hapo alikuwa ameacha kujiandaa kwa mtihani, akawa anasoma.

SALIM: Ndivyo nilivyoona hata mimi, na tangu hapo nimekuwa nikimsoma yeye pamoja na mwandishi. Sasa nimefika pale Rashidi, kijana wa bandarini Zanzibar, anapoanza kuelewa kwamba mateso yanayowapata makuli, yaani wabeba mizigo wa bandarini, hayakuandikwa mbinguni. Riwaya hii inaelekea kwenye mgomo wa mwaka 1948, ambao ni tukio la kweli: ulianza kwa wafanyakazi wa bandari, ukaenea hadi mji mzima ukasimama. Kwa kuwa najua historia inakwenda wapi, sisomi ili nijue kitakachotokea, bali nasoma ili nione mtu mmoja mwenye njaa na woga anafikaje mahali pa kusema hapana. Je, wewe?

REHEMA: Mimi nasoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya riwaya ya Booker. Mwaka 2021 mwandishi wake, aliyezaliwa Zanzibar, alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakatuletea tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye baba yake ana deni kwa tajiri aitwaye Aziz. Mtoto amezoea kumwita tajiri huyo ami, naye kila anapowatembelea humpa sarafu wakati wa kuondoka. Siku moja ami anaondoka naye mwenyewe, wanapanda treni kuelekea pwani, na hakuna mtu anayemweleza kwamba amewekwa rehani.

SALIM: Hagundui?

REHEMA: Anaambiwa na Khalil, kijana anayefanya kazi katika duka la Aziz, ambaye naye yupo pale kwa sababu ya deni la baba yake. Khalil anamkataza kabisa kumwita Aziz ami. Katika kitabu kizima, Kaka Salim, tajiri huyo ananitisha kwa upole wake. Hapigi kelele, ananukia manukato, anazungumza kwa adabu, na watu wanampa watoto wao.

SALIM: Basi hapo ndipo vitabu vyetu vinapokutana. Kuli anaumizwa mgongo mchana kweupe na kila mtu anaona, ilhali Yusuf anachukuliwa kwa heshima. Mimi nadhani Rashidi ana nafuu, kwa sababu anao wenzake wengi wanaoumia mahali pamoja, na wakikubaliana wanaweza kukataa kwa sauti moja. Yusuf atagoma na nani?

REHEMA: Swali hilo limenikaa tangu juzi, kwa sababu nimekwisha kuupita msafara wa biashara wa Aziz wa kwenda bara, pamoja na maradhi, hongo na dhuluma zake, na sasa Yusuf amerudi kwenye bustani ya Aziz iliyozungushiwa ukuta. Humo yumo mtunza bustani, Mzee Hamdani, aliyekuwa mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku, bibi aliyemmiliki alimwambia yu huru, naye akakataa kuondoka. Yusuf anamuuliza sababu, na mzee anajibu kwa kuuliza nani alimwambia bibi huyo kwamba uhuru ni wake hata aweze kumpa mtu.

SALIM: Lakini alibaki akimwagilia miti ya bwana wake.

REHEMA: Alibaki, na ndiyo maana sijui nimheshimu au nimhuzunikie. Nimeusoma ukurasa huo mara kadhaa. Wakati mwingine namwona kuwa ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye hana anayemmiliki, na wakati mwingine namwona mtu aliyejitengenezea hoja nzuri ya kutotoka nje.

SALIM: Makuli wasingemwelewa. Kwao uhuru usioongeza ujira wala kupunguza saa za kazi ni maneno matupu, na mimi niko upande wao. Hata hivyo, nakiri kwamba Kuli hainipi nafasi kubwa ya kusitasita kama unavyositasita wewe. Mwandishi ananionyesha wazi nisimame na nani, nami nasimama.

REHEMA: Hilo si kosa la kitabu. Kuna wakati msomaji anahitaji kuonyeshwa.

SALIM: Nakubali. Nikimaliza nitakuletea nakala yangu, pamoja na mistari yote ya yule mwanafunzi, nawe unipe Peponi. Nataka nimsome Mzee Hamdani mwenyewe kabla sijamhukumu.

REHEMA: Utaipata wiki ijayo. Zimenibakia kurasa chache, na askari wa Kijerumani wamekwisha kutajwa.

SALIM: Basi ishia hapo hapo, dada. Mwisho wake usinieleze.