Shika mrija, achana na mkeka

Habari za mchana. Kabla sijaanza, nani humu ana mkeka wa kubeti unaosubiri mechi za leo? Msinyooshe mikono, mtanidanganya tu, leo Jumamosi na nimeshaona wawili pale nyuma wanachungulia simu kila dakika mbili. (Kicheko.) Wala sikuja kuhubiri. Kama mlitegemea niseme kamari ni haramu, hiyo kazi ina wenyewe, wana misikiti na makanisa na wanaifanya vizuri kuliko mimi.

Mimi neno langu ni moja, nimelisema kwenye semina, nimelisema redioni, nimelisema kwenye harusi ya mdogo wangu mpaka nikapokonywa maiki. Serikali inayotaka kudhibiti kamari ya mtandaoni isihangaike na mtu anayebeti. Ishike mrija. Hela inapita wapi ikitoka mfukoni kwa kijana mpaka ifike kwenye kampuni? Pale ndipo pa kukaa. Wazee wetu enzi za Ujamaa walikuwa wanaimba habari za kukata mirija, sisi tumebaki na wimbo, mrija wenyewe uko kwenye simu na tunauangalia tu.

Jirani yangu ni wakala wa miamala ya simu. Ana kibanda cha mbao na daftari kubwa la mistari, kalamu kaifunga na uzi ili wateja wasiondoke nayo. Siku moja nimejibanza pale nasubiri mvua ikatike, nikaomba nilione lile daftari. Kuna upande wa kuweka na upande wa kutoa. Ijumaa jioni mpaka Jumapili, kuweka: 2,000, 1,000, 5,000, 1,000, 1,000, 3,000, na namba moja ya simu imerudi mara nne siku ile ile. Upande wa kutoa, mistari mitatu. Nikamuuliza, hawa wote wanaweka za nini? Akacheka. "Mzee, hizo za kandege." Kale kandege kanapaa, wewe unatakiwa utoe hela yako kabla hakajatokomea, raundi nzima sekunde chache tu, kameisha, kengine. Sasa wengine hapo mnaona shida ya maadili. Mimi naona mfumo unaojua kila shilingi imepita saa ngapi na kwa namba gani, yaani duka la kawaida hapo Kariakoo halina kumbukumbu kama zile, halafu mtu mzima na tai yake ananiambia eti kamari ya mtandaoni haidhibitiki!

Haya, Marekani. Walionisikia kabla wavumilie, hii naipenda. Mwaka 2006 kampuni za poka za mtandaoni, ule mchezo wa karata wa kuwekeana hela, zilikuwa zinavuna hela Marekani huku ofisi ziko Gibraltar, Antigua, huko mbali ambako polisi wa Marekani hana la kufanya. Bunge lao likafanya nini? Likachukua sheria ya usalama wa bandari, bandari kabisa, mambo ya meli na makontena, likachomeka humohumo kipande cha kamari! Rais Bush akasaini Oktoba 13, 2006. Na kile kipande hakikusema ukicheza poka chumbani kwako umekosa. Kilisema kampuni isipokee malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, iwe kwa kadi, hundi au uhamisho wa benki, na benki nazo ziweke utaratibu wa kuyazuia. Basi. PartyGaming, kampuni kubwa iliyokuwa soko la hisa la London, ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ndani ya siku moja, tena Rais hata kalamu hajashika, ikajitoa Marekani. Hakuna mchezaji aliyetiwa pingu kwa sheria ile.

Lakini wengine walibaki, PokerStars, Full Tilt, wakaendelea kuchezesha. Benki zimekataa, hela inaingiaje? Hapa ndipo utamu ulipo. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyowekwa wazi New York Aprili 15, 2011, walitumia madalali wa malipo, wakabuni maduka hewa ya mtandaoni, kwa hiyo mtu kaweka hela ya poka, benki inaona kanunua mipira ya gofu. Au kanunua vito. Hebu mfikirie karani wa benki, kikombe cha kahawa mkononi, anashangaa Marekani nzima usiku wa manane inanunua mipira ya gofu. (Kicheko.) Na mashtaka yalikuwa yapi, angalieni vizuri: kuvunja ile sheria ya 2006, kuendesha biashara haramu ya kamari, kuzidanganya benki, kutakatisha fedha. Mengi ni ya mrija. Anwani za tovuti zikakamatwa siku ileile, ilikuwa Ijumaa, na wacheza poka mpaka leo wanaiita Ijumaa Nyeusi.

Sasa kuna mjuaji humu anajiambia, mbona leo Wamarekani wanabeti mpaka basi? Ndiyo. Mei 2018 Mahakama yao ya Juu ilifuta sheria ya 1992 iliyozuia majimbo kuhalalisha ubashiri wa michezo, sasa kila jimbo linajiamulia, New Jersey ruksa, Utah hapana. Hilo ni suala la nani karuhusiwa. Mimi siongelei ruhusa, naongelea nani anaiona hela ikipita.

Mwingine ataniambia VPN, krypto ile sarafu ya mtandaoni. Kila mkutano yupo, na kila mara anasema kama kagundua yeye. VPN inaficha uko wapi, haikuwekei hela mfukoni. Kijana wa Mbagala mwenye 2,000 hiyo krypto anaipata wapi kama haanzii kwa wakala? Watapenya wachache, sikatai. Norway benki zimekatazwa tangu 2010 kupitisha hela za kamari za kampuni zisizo na kibali chao, na bado watu wanapenya. Sheria ya wizi ipo na wezi wapo, tumeifuta?

Majirani zetu Kenya hili somo wanalo. Kampuni za kubeti zilikuwa zimeota mapembe, matangazo kila kona, mvutano wa kodi hauishi. Julai 2019 bodi yao ya kamari ikaandika barua, haikupeleka polisi wala haikuvunja mlango, iliiandikia kampuni ya simu ya Safaricom: fungeni namba za malipo za kampuni 27 ambazo leseni hazijahuishwa. Barua moja! Kampuni zikaenda mahakamani, vurugu, lakini kufika mwisho wa Septemba SportPesa na Betin wametangaza wanafunga. Watu waliachishwa kazi, na timu za mpira zilikosa wadhamini, hayo ni maumivu ya kweli na sitayafanyia mzaha.

Ila na Kenya hiyohiyo inaonyesha ugonjwa mwingine, serikali kuwa mbia. Ushuru wa 20% kwenye kila dau uliingia 2019, ukaondolewa 2020, 2021 ukarudi kwa 7.5%, ukapanda 12.5%, ukafika 15%. Mwaka 2025 wakaacha kuhesabu dau, wakausogeza ushuru mlangoni, 5% pale unapoingiza hela kwenye akaunti ya kubeti. Kwa utaalamu wangu mimi hapo wamepatia, mlango ndio mrija. Lakini ukishazoea kula pale mlangoni, utataka watu wapungue kweli? Waziri wa fedha na waziri wa afya wakae meza moja, nyie niambieni nani atashinda.

Uganda wao sheria yao ya 2016 imeweka umri wa kubeti, miaka 25, mkubwa kuliko nchi nyingi tu. Safi kwenye karatasi. Dogo wa miaka 17 anatumia laini ya mama yake, umri wa mama 48, mfumo umeridhika kabisa.

India Agosti 2025 walipiga marufuku michezo yote ya mtandaoni ya kuweka hela, mabunge yote mawili siku mbili tu, na wakaandika wazi kwamba mchezaji haadhibiwi, anayebanwa ni mwenye mchezo, mtangazaji, na benki itakayopitisha hela. Dream11, kampuni ya michezo ya aina hiyo iliyokuwa kifuani kwenye jezi ya timu ya taifa ya kriketi, ikaachana na udhamini. Marufuku kamili mimi siipendi sana, lakini angalieni walishika wapi.

Wajerumani hawakupiga marufuku. Tangu Julai 2021 mtu mmoja kwa kawaida mwisho wa kuweka ni yuro 1,000 kwa mwezi, kampuni zote zenye leseni kwa pamoja, kuna daftari moja la serikali linalojumlisha. Lile daftari la jirani yangu! Tofauti ni kwamba lao linasomwa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Uingereza nilitaka nikae nayo, basi haraka: Aprili 2020 walikataza kubeti kwa kadi ya mkopo, yaani usichezee hela ambayo huna, na mwaka huohuo kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ikalazimika kujiunga na orodha moja, ukiomba ufungiwe usibeti unafungiwa kote. Bila orodha kama hiyo, mpwa wangu aliiandikia kampuni moja wamfungie akaunti, wakamfungia kweli, kesho yake alfajiri kampuni nyingine ikamtumia meseji ya bonasi. Alinionyesha, imeandikwa jina lake na "tumekumiss". 2025 Waingereza wakaweka pauni 5 kuwa mwisho kwa mzunguko mmoja wa sloti za mtandaoni, zile mashine za kubahatisha, na 2 kwa walio chini ya miaka 25. Kasi ya mchezo ni mhadhara mwingine, kale kandege kananidai.

Matangazo, Italia waliyakataza 2018... hapana, tuache, mwenyekiti kasimama kabisa sasa. Maswali. Wewe kijana wa nyuma, simama tukuone. Aah, na jezi umevaa, geuka kidogo wenzako wasome hapo kifuani pameandikwa kampuni gani. (Kicheko.) Haya, uliza.