Mtoto Hakulia: Nini Kilitokea, na Nani Alipe?

Mabibi na mabwana, wakunga na madaktari wenzangu, mawakili, na hasa nyinyi wazazi mliokuja na watoto wenu, asanteni kwa kufika. Leo tunazungumzia watoto wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na madai ya fidia yanayofuata. Nitaanza na ubongo, maana tusipouelewa huo, hata habari za mahakamani hatutazielewa.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yake humfikia kwa damu, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kila uchungu unapobana, damu hiyo hupungua kidogo, uchungu ukiachia hurudi, na mtoto mwenye afya huvumilia hali hiyo kwa saa nyingi. Hatari huja damu inaposhindwa kurudi: kitovu kimetangulia kichwa na kubanwa, kondo limebanduka kabla ya wakati, mfuko wa uzazi umechanika, au kichwa kimetoka na mabega yakakwama. Ubongo hauna akiba ya kutegemea, kwa hiyo dakika chache zinatosha kuujeruhi.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Jeraha hilo huja kwa awamu mbili. Mtoto anapozinduliwa na damu kurudi, seli za ubongo hupata nafuu ya muda. Baada ya saa sita hivi, na hata kufikia siku ya pili, nyingi huporomoka tena. Ndiyo sababu mtoto anaonekana ametulia jioni, halafu usiku wa manane anaanza degedege. Nafuu hiyo ya katikati ndiyo nafasi ya tiba. Anapozwa mwili hadi nyuzi 33.5 hivi za Selsiasi kwa saa 72, na kazi hiyo inatakiwa ianze kabla ya saa 6 kupita tangu azaliwe. Majaribio yaliyotangazwa kuanzia 2005 katika nchi tajiri yalionyesha kwamba inapunguza vifo na ulemavu. Hata hivyo, mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la India, Sri Lanka na Bangladesh, na huko waliopozwa walikufa wengi zaidi kuliko wasiopozwa. Nawaambia hili mawakili hasa. Msikimbilie kuandika kwenye hati ya madai kwamba "hawakumpoza mtoto" kana kwamba hilo peke yake ni uzembe. Ulizeni kwanza tiba hiyo imethibitishwa kwa watoto wa wapi na katika mazingira gani.

Sasa, je, ni kweli kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na hitilafu ya ubongo, aliumia wakati wa kuzaliwa? Ubishi huu una umri mrefu. Mwaka 1861 daktari William John Little alisimama mbele ya wataalamu wa uzazi mjini London akaeleza kwamba uzazi mgumu na kukosa hewa huwaachia watoto ulemavu wa viungo. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, akahoji: huenda uzazi wenyewe ulikuwa mgumu kwa sababu mtoto alikuwa na hitilafu tangu tumboni. Leo tunajua kwamba wote wawili waliona sehemu ya ukweli. Kukosa hewa wakati wa uchungu ni chanzo cha sehemu ndogo tu ya mitindio ya ubongo. Kuzaliwa njiti, maambukizi, kiharusi kinachompata mtoto akiwa tumboni na kasoro za kurithi vinachangia pia.

Hapo ndipo madai mengi yanapokwama. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba wahudumu walikuwa na wajibu kwake, kwamba hawakuutimiza kwa kiwango kinachotarajiwa, na kwamba kosa hilo ndilo lililosababisha madhara. Wajibu huwa hauna ubishi. Kazi ni kuthibitisha kwamba kosa ndilo lililosababisha madhara. Mkunga anaweza kuwa alichelewa kweli, na bado mahakama ikasema mtoto angeumia hata kama asingechelewa.

Ushahidi wa jambo hilo hukusanywa katika saa ya kwanza, au haupatikani tena. Alama ya Apgar, aliyoitangaza Virginia Apgar mwaka 1953, hutueleza hali ya mtoto katika dakika ya kwanza na ya tano, ila haisemi kwa nini yuko hivyo. Kinachosema zaidi ni damu ya kitovu. Unabana kipande cha kitovu pande zote mbili, unakikata, unachota damu ya ateri. Pihechi, yaani kipimo cha asidi katika damu, ikiwa chini ya 7.0, ni ishara nzito kwamba mtoto alikosa hewa muda mfupi kabla ya kuzaliwa. Kipande hicho kinaweza kungoja takriban saa nzima wakati nyinyi mnahangaika kumzindua mtoto, kwa hiyo kisitupwe. Baadaye picha ya MRI, inayoonyesha ubongo kwa ndani kwa kutumia sumaku, huongeza neno lake: hewa ikikatika ghafla na kabisa, jeraha huelekea kwenye viini vya ndani ya ubongo, ikipungua kidogo kidogo kwa muda mrefu, huelekea kwenye maeneo ya mipaka kati ya mishipa mikubwa ya damu.

Na kuna jalada, yaani faili la matibabu la mama na mtoto. Wakati wa uchungu uliokolea, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila dakika 15 hadi 30, na mama anaposukuma kila dakika 5. Kawaida ni mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika. Nimesoma majalada ambamo kila mstari umeandikwa 140, 140, 140, kwa kalamu ile ile na mwandiko usiotetereka, na mstari unaofuata ni mtoto aliyezaliwa hana pumzi. Moyo wa mtoto haupigi namna hiyo. Jalada kama hilo linanikasirisha kuliko jalada lenye kosa lililoandikwa wazi, kwa sababu linamnyang'anya mama jibu, na linamnyang'anya hata mkunga aliyefanya kazi yake vizuri utetezi wake.

Uzembe unaweza pia kuwa wa kunyamaza. Huko Uskoti, nchini Uingereza, Nadine Montgomery alikuwa mama mfupi wa umbo mwenye kisukari, na alieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa mtoto. Hatari ya mabega kukwama ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari wake hakumwambia, akihofia kwamba angechagua upasuaji. Mabega yakakwama kweli, dakika 12 zikapita, mtoto akapata mtindio wa ubongo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mama alikuwa na haki ya kujua, na fidia ikawa pauni milioni 5.25. Mtoto alikuwa amezaliwa mwaka 1999. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Hiyo miaka ndiyo inayonifanya niseme wazi: malezi ya mtoto hayapaswi kungoja mtu apatikane na hatia. Japani ilianzisha mfumo mwaka 2009 ambapo mtoto mwenye mtindio mzito wa ubongo anayetimiza masharti, familia yake hulipwa yeni milioni 30 bila kuthibitisha uzembe: milioni 6 mwanzoni, zilizobaki kidogo kidogo kwa miaka 20. Jopo la wataalamu huchunguza uzazi ule, na ripoti hupewa wazazi pamoja na hospitali. Kwangu mimi ripoti ina uzito sawa na pesa. Wazazi ninaokutana nao huniuliza kwanza nini kilitokea chumbani mle. Swali la fidia hufuata.

Mmoja wenu ameniandikia kikaratasi: mwanawe ana miaka minne, je, amechelewa? Mama yangu, katika nchi nyingi muda wa mtoto kudai hauanzi kuhesabiwa hadi awe mtu mzima. England na Wales, kwa mfano, ni miaka mitatu baada ya kutimiza 18. Muulize wakili sheria ya mahali ulipojifungulia. Ila karatasi huchanwa na wahudumu huhama. Andika barua wiki hii, omba nakala ya jalada lote: lako na la mtoto, chati ya uchungu, karatasi ya mashine ya mapigo ya moyo kama ilitumika, majibu ya damu ya kitovu, na maelezo ya wodi ya watoto wachanga tangu saa ya kwanza. Baki na nakala ya barua yenyewe, ikiwa na muhuri wa siku waliyoipokea.