Bahati kwanza, ubora baadaye

Ndugu wasikilizaji, tuchukue badiliko moja la jeni. Limezuka kwa mnyama mmoja tu, nalo linamfaa: kwa wastani linamwongezea asilimia 1 ya watoto watakaofika umri wa kuzaa. Je, litaenea? Wengi hujibu bila kusita kwamba litaenea, kwa kuwa uteuzi asilia huchagua kilicho bora. Hesabu inakataa. Mara 98 katika 100, badiliko hilo litapotea.

Linapoteaje? Mnyama ana nakala mbili za kila jeni, na humrithisha kila mtoto moja tu. Hivyo nafasi ya mtoto kupata ile mpya ni nusu. Tuseme idadi ya wanyama haiongezeki wala haipungui; basi kila dume na jike huacha wastani wa watoto wawili. Wakiwa wawili kamili, nafasi ya wote kuikosa ni nusu mara nusu, yaani robo. Lakini yupo anayezaa watano, na yupo anayekufa bila mtoto. Ukiiingiza tofauti hiyo, nafasi ya badiliko kutoweka katika kizazi cha kwanza pekee hufika asilimia 36 hivi, pamoja na faida yake yote. Likinusurika, kizazi cha pili linaingia tena katika bahati nasibu ileile.

Hesabu hii ina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1873 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliuliza jinsi majina ya koo za watu mashuhuri yanavyotoweka, na mchungaji Henry William Watson akamsaidia kukokotoa. Mwaka 1927 mwanasayansi wa urithi J. B. S. Haldane akaipeleka kwenye jeni, akapata kanuni fupi: katika kundi kubwa, nafasi ya badiliko jipya kudumu ni takribani mara mbili ya faida yake. Faida asilimia 1, nafasi asilimia 2.

Kwa hiyo ubora hauna nguvu mwanzoni. Nguvu yake huonekana nakala zikishakuwa mamia, pale bahati ya mmoja inapofidia mkosi wa mwingine. Kabla ya hapo, kinachosaidia ni kurudia. Badiliko hilohilo likizuka mara 100 kwa nyakati tofauti, nafasi ya angalau moja kudumu ni kama asilimia 87. Ndiyo maana bakteria, walio mabilioni, hupata usugu dhidi ya dawa upesi namna ile: tukio adimu kwa mmoja huwa la kawaida kwa umati.

Sasa geuzeni mambo. Wamebaki wanyama 10 tu. Badiliko lisilo na faida wala hasara lina nafasi moja katika 20 ya kuenea kwa wote, yaani asilimia 5, kwa sababu nakala zilizopo ni 20 na yoyote yaweza kushinda. Lile lenye faida ya asilimia 1 lina asilimia 6. Tofauti ni hiyo tu! Hata badiliko lenye madhara madogo laweza kupenya na kukaa humo daima. Hili linanisumbua kuliko yote, maana kundi dogo likilindwa vizuri dhidi ya wawindaji bado linaweza kuharibika kwa ndani. Kuwahamisha wanyama wachache kutoka kundi jingine wakazaliane nalo huongeza nakala tofauti za jeni, na uteuzi unapata tena kitu cha kuchagua.