Jamani, hii steki siyo kujionyesha: ninavyoipika, na kwa nini sichomi nje

Habari zenu wapendwa. Leo hakuna muziki wala mapambo, nimekaa tu hapa jikoni kwangu kwa sababu lile swali limenichosha. Hata niongelee viza, lazima mtu aandike pale chini: "Ile steki unaipikaje? Mbona huchomi nje kama wenzako wa huko?" Kabla sijafungua mdomo, mwingine ameshamjibu: "Achana naye, anajishaua." Tulimalize leo.

Tuanze na hilo la kujishaua. Ukiona nyama kwenye sahani yangu, ujue nimeweza kuila kwa sababu nimepika mwenyewe. Huku ughaibuni ukipikiwa unalipia nyama, unalipia pango la yule mwenye mgahawa, na mshahara wa aliyekuletea sahani. Mimi natoka kazini miguu imevimba, nataka kitu kitakachoiva kabla sijasinzia, na steki haimalizi hata robo saa kwenye moto. Tena sinunui ile sarara laini. Nachukua kipande cha tumboni, chenye nyuzi ndefu, ambacho wengi wanakipita. Bei sitaji. Nikitaja mnasema nalalamika, nisipotaja mnasema naringa, basi bora niringe.

Na kuna ndugu yangu mmoja, simtaji, aliipiga picha ile sahani akaipeleka kwenye kundi la familia na maneno "ndiyo maana simu hapokei." Sikupokea kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku. Tuendelee.

Kuchoma nje. Nakaa ghorofani. Mkataba wangu wa pango una kurasa ambazo hata aliyeuandika sidhani anazijua, lakini ule ukurasa wa moto nimeukariri: mkaa kwenye roshani marufuku, jiko la gesi mpaka kibali cha maandishi. Nikaandika barua ya kuomba kibali. Wakajibu wanataka cheti cha bima kinachotaja jiko la nje. Nikaenda kwa watu wa bima, nao wakasema hawawezi kulitaja jiko kwenye cheti mpaka waone kibali cha mwenye nyumba. Nikarudi kwa mwenye nyumba, akanipa fomu. Fomu ina kisanduku cha kujaza namba ya cheti cha bima. Mnaelewa? Niliitazama ile fomu nikacheka peke yangu, nikaenda kupasha kikaango moto.

Wapo walioniambia, "Si uwashe mkaa ndani, ufungue dirisha?" Hapana. Hapa sitanii hata kidogo. Mkaa ukiwaka unatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Unahisi kichwa kinauma, unajilaza kidogo, na huamki. Dirisha wazi si kinga, na makaa yanayoonekana yamefifia bado yanaitoa. Usipikie ndani, usiotee ndani.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa kikaango. Kiwe kizito, cha chuma, kinachoshika joto. Kile chenye utando wa kutoshika chakula kiachie mayai, maana utando wake ukifika nyuzi joto 260 za Selsiasi unaanza kuharibika, na kikaango kitupu juu ya moto mkali kinafika huko upesi.

Sasa nyama yenyewe. Kazi kubwa iko kabla ya moto: ikauke. Ukiipaka chumvi ukaisubiri dakika kumi, utaona vitone vya maji vimejitokeza juu kama jasho kwenye pua ya mtu anayekula pilipili. Ukiitupa kwenye kikaango wakati huo umeharibu, kwa sababu maji yanachemka kwa nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye ladha inaanza kushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Maji yakiwepo juu, nyama yako inachemka tu, inageuka kijivu. Kuna mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyeyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ama utie chumvi sekunde ya mwisho kabisa, ama uisubiri dakika 40 na zaidi mpaka yale maji yarudi ndani na chumvi yake. Mimi naitia chumvi usiku, naiweka kwenye friji bila kuifunika, rafu ya chini isidondoshee vitu vingine. Nikirudi kesho yake imekauka juu kama karatasi. Nafuta tu ule unyevu kidogo uliobaki.

Halafu kuna wale mafundi wanaonirekebisha kila mara: "Unachoma haraka pande zote ili ufungie maji ndani." Maneno hayo yalivumishwa na Mjerumani Justus von Liebig karne ya 19, na si kweli. Ile "chwaaa" unayoisikia ni maji yanatoka na kugeuka mvuke. Yangekuwa yamefungiwa, kikaango kingekuwa kimya. Moto mkali unaleta rangi na ladha, basi. Na geuza unavyotaka, kila nusu dakika ukipenda, itaiva sawasawa zaidi. Anayesema nyama inageuzwa mara moja tu, mwachie yake.

Mafuta yawe yale yaliyosafishwa yanayovumilia moto. Siagi na kitunguu saumu vinakuja mwishoni, vinaungua mapema.

Kuiva. Hapa ndipo mnapopigana. Mimi napenda katikati ibaki ya waridi, nyuzi kama 55. Mama yangu akiiona hiyo anairudisha jikoni, na ana haki yake. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzi 63 kwa kipande kizima, kisha kikae dakika 3, na ukiwa mjamzito au unapika kwa ajili ya mgonjwa, fuata hiyo, usinifuate mimi. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, 71, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu mashine imeshavichanganya mpaka ndani. Nunua kipimajoto cha kuchomeka. Hakina mbwembwe na kinamaliza ubishi. Itoe nyama nyuzi tatu hadi tano kabla, itaendelea kupanda yenyewe ikiwa imetulia kwenye ubao. Ule wekundu unaomwagika si damu, jamani, mnaniandikia kila wiki. Ni maji yenye mayoglobini, protini ya kwenye msuli. Damu ilishatoka zamani.

Na kile kipande cha tumboni: angalia nyuzi zinaelekea wapi, kata kwa kuzikatisha, vipande vyembamba. Ukikata kwa kufuata nyuzi utatafuna mpaka kesho, utasema nimekudanganya.

Siku nyingine hakuna steki, na hizo ndizo nyingi. Mapaja ya kuku nayaweka kwenye kikaango kikiwa bado baridi, ngozi chini, moto wa wastani, mafuta yatoke yenyewe polepole, ngozi iwe kavu. Kuku awe salama ni 74, ila paja linalainika zaidi likifika 80 na kitu. Au natupa viazi, karoti na vitunguu kwenye trei moja, oveni nyuzi 200, bila kuvirundika, maana vikirundikana vinatokota. Kwenye kile kikaango cha steki, uchafu wa kahawia ulioganda chini usiuoshe. Mwagia supu kidogo, kwangua, tia siagi, hiyo ni rojo yako.

Moshi ndio vita yangu. King'ora kikilia jirani wa juu anaandika barua, na kule nilikohama walinikata amana kwa sababu eti "harufu ya mapishi" imeingia ukutani. Sijalipwa mpaka leo. Kwa hiyo kipande kinene naanzia oveni, nyuzi 120, mpaka ndani ifike kama 48, kisha kikaangoni dakika moja moja kila upande. Moshi unakuwa mfupi. Hayo ni ya kwangu na jiko langu. Wewe una mwenye nyumba wako, una mfuko wako, pima mwenyewe.

Na anayeuliza kikaango changu ni cha kampuni gani, sitangazi mtu ambaye hajanilipa. Ni cha chuma, kizito, na ni cha mtumba.