Bakitoa teste ku mlango wa masuwa, kunabakia nini?

Jambo yenu bote. Asanteni kwa kuja ata na hii mvua ya Bukavu yenye haiombake mutu ruhusa. Banafunzi ba afya, bamama ba soko, na ninyi benye munafanya kazi ku porti, naona mulishakaa karibu na mlango ili mutoroke mapema, hakuna shida, karibuni.

Baliniomba nizungumuze juu ya teste za Covid ku zile masuwa kubwa za utalii, za Marekani, za Ulaya, venye zililegezwa mwaka 2022. Najua kuko mwenye anajiuliza masuwa za bazungu zinatuhusu nini sisi benye tunapanda ya usiku ya Goma na mizigo ya samaki ku miguu. Zinatuhusu, juu kila wakati sheria ikilegezwa kule, kisha muda kidogo utasikia mutu huku anasema "si munaona, ata bazungu balishaacha, ile ugonjwa ilikuwa uongo", na mwingine anamujibu "hapana, bameacha juu ya franga tu". Bote babili banaruka kitu moja. Teste haina bei yake yenyewe, bei yake ni kile utafanya na jibu. Kama hauna chochote utafanya na jibu, acha kupima, unachokesha batu bure.

Tuanze na Diamond Princess, jina yake kila mutu alisikia. Mwezi wa 2 mwaka 2020, ku Yokohama, Japani. Ndani mulikuwa batu 3711, abiria na batumishi pamoja. Abiria moja alikuwa alishashuka Hong Kong tarehe 25 mwezi wa 1, kisha bakamupima huko bakakuta ako na virusi, na wakati ule masuwa ilikuwa ingali inatembea, batu banakula, banacheza, banaogelea. Mwishoni bakakuta bagonjwa 712, na karibu nusu yao wakati banapimwa habakukuwa na alama yoyote, hakuna homa, hakuna kikohozi, mutu anakuangalia tu anacheka. Abiria balifungiwa mu kabine, sawa. Lakini batumishi zaidi ya elfu moja baliendelea kupika, kupeleka chakula mlango kwa mlango, na usiku banaenda kulala babili ao zaidi mu kachumba kamoja kule chini. Sasa hapo umefunga nani? Umefunga mwenye alilipa tiketi, mwenye anamupikia umemuacha.

Mwezi uliofuata ikaja ya Ruby Princess, na hii njo napenda banafunzi baishike vizuri. Tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 2020, Sydney, Australia. Masuwa inafika na batu benye mafua, benye homa. Sampuli zilichukuliwa, eee, pamba zilipita mu pua, kila kitu kiliandikwa vizuri. Na abiria karibu 2700 bakaruhusiwa kushuka mbele ya majibu kutoka. Balienda bandege, balienda treni, balienda kwabo. Majibu yakatoka kesho yake, ni Covid. Batu 28 balikufa mu ile mambo, na baliunda ata komisioni ya kuchunguza. Ona basi, teste ilikuwapo, laboratware ilikuwapo, na nchi ni tajiri. Kile kilikosa ni mutu wa kusema "mungojee kwanza".

Sasa sheria yenyewe. CDC, njo ofisi ya Marekani yenye inachunga magonjwa, ilisimamisha masuwa za utalii tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2020. Mwezi wa 10 mwaka ule ule ikafungua mlango kidogo, kwa masharti mingi. Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2022 masharti ikakuwa ya hiari, kampuni inaingia mu programu kama inataka. Na tarehe 18 mwezi wa 7 mwaka 2022 programu yote ikafungwa. Kutoka hapo kampuni zikaanza kushindana: Norwegian ikaondoa teste mwezi wa 8 fasi zote zenye sheria ya nchi haiilazimishi, Royal Caribbean ikaanza na safari fupi za siku tano ao chini yake kwa benye chanjo, Carnival ikafuata tarehe 6 mwezi wa 9: mwenye ako na chanjo apande bila teste kama safari iko chini ya siku 16, mwenye hana chanjo alete teste ya siku tatu za nyuma. Kisha mwezi wa 10 Norwegian ikafuta yote, teste, chanjo, kaskazini kusini, pita tu.

Je, baliharibu? Mi nasema kwa sehemu kubwa hapana, na nitawaeleza juu ya nini. Teste ya mbele ya kupanda inakamata mwenye virusi vilishajaa mu pua siku ile. Mutu mwenye aliambukizwa jana, kipimo hakimuoni. Tuseme umepima batu elfu ine leo ku Miami, bote negative, unafurahi, unang'oa nanga. Kati yao kuko benye balikula jana mu restora na rafiki mgonjwa. Siku ya tatu bako ku bufe, banakohoa juu ya saladi. Tena masuwa haikai katikati ya maji tu, inasimama porti hii, porti ile, batu banashuka, banaingia soko, banarudi jioni na vikapu, na hapo hakuna mwenye anabapima tena. Na kuko kingine cha kuchekesha: kutoka tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka 2022 Marekani ilishaacha kuomba teste kwa mutu mwenye anaingia na ndege. Kwa hiyo mutu anaruka kutoka Paris, masaa mingi mu ndege amebanana na batu, hakuna anayemuomba teste, anafika ku porti banamwambia lete karatasi ya teste. Karatasi ya nini sasa?

Na ile hesabu ya siku 16 iko na akili ndani. Safari ndefu, maana yake siku nyingi mbali na hopitali kubwa, ukizidiwa katikati ya bahari nani atakuja kukuchukua? Munganga wa masuwa ako na vitanda vyake vichache basi. Hapo bakasema hapana, huyu tumupime. Unaona venye swali halikuwa tena "virusi viko ao haviko", swali likakuwa "mutu akigonjwa, tutamufanya nini".

Mwezi wa 11 mwaka 2022, Sydney tena, porti ile ile, na masuwa ya kampuni ile ile ya Princess, jina yake Majestic Princess. Inafika na batu kama 4600 ndani, na karibu 800 bako na Covid. Mia nane! Mu 2020 hesabu kama ile ingefunga mji. Safari hii bagonjwa balikuwa balishawekwa peke yao mu kabine, bakapangiwa njia yao ya kushuka, bakaambiwa wajifungie siku tano, na masuwa ikaendelea na safari yake Melbourne. Virusi vilikuwa mule mule. Kile kilibadilika ni chanjo mu mikono ya batu, dawa, na mpango wa kutenga bagonjwa wenye ulikuwa tayari mbele mugonjwa wa kwanza akohoe.

Lakini siko hapa kubasifu tu. Kuko kitu moja kilitolewa pamoja na teste na hakuna mutu alilia juu yake, na mi kile njo kinaniuma. Wakati wa ile programu, CDC ilikuwa inaonyesha rangi ya kila masuwa, kijani kama hakuna kesi, rangi ingine kama kuko kesi na banachunguza. Mama mzee mwenye moyo dhaifu angeweza kufungua simu na kuangalia kabla ya kulipa. Mwezi wa 7 ile orodha ya rangi nayo ikaondoka. Kampuni ziliendelea kupeleka hesabu kwa CDC, ndiyo, lakini mwenye ananunua tiketi haoni tena. Kutoa teste, sawa, nakubali. Kumufunika macho mwenye analipa, hapana. Na hapo yule mwenye anasema "ni franga" hasemi uongo kabisa, amekosea tu mahali pa kuonyesha kidole.

Turudi huku kwetu, naona ndugu yangu wa porti anaanza kusinzia.

Mwaka 2019, Ebola. Ninyi bakubwa munakumbuka, tulikuwa tunanawa mikono na maji ya klori paka ngozi inatoka. Tarehe 14 mwezi wa 7 pastere moja anafika Goma na basi kutoka Butembo. Alikuwa alishaanza kugonjwa siku chache mbele. Ile basi ilipita ku vituo vitatu vya kupima, vitatu, na vyote vikamuacha apite, tena wizara ya afya ilisema kila kituo alikuwa anaandika jina tofauti. Mwenye alimukamata ni nani? Ni batu ba kituo cha afya mule Goma, balimuona bakashuku, siku ile ile akapelekwa ku kituo cha matibabu ya Ebola. Kisha bakatafuta dereva na abiria 18 bengine ba ile basi, bakaanza kubachanja. Pastere alikufa njiani banamurudisha Butembo, Mungu amulaze. Goma haikushika moto. Vituo vya njiani havikuiokoa, iliokolewa na mufanyakazi wa afya mwenye alijua afanye nini akiona, na orodha ya batu 18.

Mi nilisimama ku porti miaka ile na termometre ya bunduki mu mkono. Asubuhi ya baridi, batu bametoka ku ziwa usiku muzima, unalenga paji la uso: 33 na nusu. Mutu mzima, anatembea, anabeba mutoto ku mugongo, 33 na nusu! Ule ni muntu ao ni samaki? Unaandika mu kitabu, unasema pita mama. Mwingine nyuma yake, 34. Termometre ile ilikuwa sawa na mulinzi wa geti mwenye anaomba kila mutu karatasi na hajui kusoma. Na kama ingeandika 39, kusema ukweli ile siku tulikuwa na kiti kimoja cha plastiki nyuma ya turubai, na simu yenye haina unite. Niliuliza bakubwa mutu akikutwa na homa tumupeleke na nini, bakanijibu gari iko njiani. Nadhani ingali njiani.

(Wanacheka.)

Ndiyo, swali. Huyu dada anauliza: basi wakati wa Covid ku mpaka wa Ruzizi, ile kuomba teste kwa batu ba kuvuka kwenda Kamembe kule Rwanda, ilikuwa bure? Dada yangu, nitakujibu hivi. Mpaka wa Rwanda wa barabara ulifungwa mwezi wa 3 mwaka 2020 na ukafunguliwa vizuri tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka 2022. Miaka miwili. Kwa mutu wa ndege, teste ni gharama moja, anailalamikia na anailipa. Kwa mama mwenye anavuka kila siku na beseni ya nyanya, faida yake ya siku nzima haifikie ata nusu ya bei ya PCR, ile teste ya laboratware. Sheria moja, lakini kwa huyu ni usumbufu na kwa yule ni njaa. Na batu bakinjaa bapita fasi ingine, munaijua ile fasi, siitaji. Hapo teste haikukamata virusi, ilibasukuma batu bapite mahali hakuna anayebaona.

Na mukumbuke 2021, mwezi wa 5, Nyiragongo imelipuka, banatangaza batu batoke Goma, maelfu banajaza masuwa kuja huku. Covid ilikuwapo. Nani angesimama ku porti aombe teste? Hakuna, na asingekuwa na haki ya kuomba. Tulibapokea mu manyumba, basi. Sheria yenye inavunjika siku ya kwanza ya shida kubwa haikukuwa imepangwa kwa ajili yetu.

Swali ya mwisho, kaka wa koti. Anauliza: kama ni mimi ningepewa porti ya Bukavu leo, ningeweka nini ku mlango? Ningeanza na orodha ya abiria. Orodha ya kweli. Masuwa inaondoka jioni, karatasi inasema batu mia moja na kitu, ukihesabu ku daraja ni zaidi, na kati ya benye bameandikwa kuko "Mama Furaha" watatu bila simu. Kesho mugonjwa akikutwa Goma, utamutafuta Mama Furaha gani? Tena orodha ile ile njo inatumika masuwa ikizama, kwa hiyo musiniambie ni kazi ya banganga. Jina yenye iko ku kadi, nambari ya simu, na fasi alikaa, juu ama chini. Mwenye hana simu aandike ya jirani yake. Kingine, chumba kimoja ku masuwa chenye dirisha linafunguka, chenye kapiteni haruhusiwe kukiuzisha ata siku ya sikukuu, ili mwenye anaanza kutapika katikati ya ziwa, saa nane ya usiku, upande wa kisiwa cha Idjwi, akuwe na mahali pa kulala mbali na batoto ba benyewe. Na enfirmie moja ku porti mwenye simu iko na unite. Termometre mukitaka mubakishe, lakini ninyi ba porti, mukianza na orodha wiki hii, nitakuja kuhesabu nanyi ku daraja, mi mwenyewe, na kalamu yangu.